Kidole Kidogo

Baba yangu Belarmino alianguka mara tatu wakati wa mvua,
na katika bonde letu la Asturias mvua haina wakati,
basi sema tu alianguka mara tatu.

Zahanati hufunguliwa Jumanne na Ijumaa,
chumba kimoja kilichokuwa ghala la posta.
Kila mgonjwa dakika saba.
Nilibeba kopo la biskuti, ndani yake dawa kumi na moja:
ya presha,
ya kukausha miguu iliyovimbishwa na ile ya presha,
ya kulaza, ya kuamsha,
ya kulituliza tumbo lililochoshwa na zote hizo.

Daktari wa zamani alikuwa akiniuliza mimi.
Anakula? Anakula.
Choo anapata? Anapata.
Baba amekaa katikati yetu kama mkoba
ambao mwenyewe ametoka kidogo.
Kisha: "Ni umri, Oliva. Miaka themanini na sita, ulitaka nini?"
Nami nikaitikia, Mungu anisamehe,
maana jibu lile lilinipa ruhusa
ya kutouliza jingine.

Huyu mpya, Daktari Noelia, alikipa kiti chake mzunguko,
kompyuta akaiachia mgongo.
"Wewe, Belarmino, unasemaje?"
Nikaanza: "Yeye huwa..."
Akaninyoshea kiganja, bila ukali,
kama mtu anayesimamisha gari bata wavuke.

Kimya.
Huko nje mtu akakohoa, akakohoa tena kwa makusudi.
Baba alikuwa anaitafuta sauti yake pale alipoiacha,
mbali, chini,
kama mchimba makaa anayepapasa taa iliyozimika.

"Viatu," akasema.
Vimefanyaje?
"Vinauma."

Daktari akapiga magoti. Sakafuni!
Akalegeza kamba, akavua soksi,
na chini ya soksi soksi nyingine,
na hapo tukaona:
kucha zimepinda kama pembe za kondoo dume,
nene, za manjano,
ya dole gumba imechimba nyama ya jirani yake.

Mimi ninayemfulia shuka,
ninayempimia chumvi kwa ncha ya kijiko,
ninayeweza kukutajia presha yake ya kila asubuhi tangu Januari,
sikuwa nimeiona miguu ya baba yangu.

"Nani alikuwa anakukata?"
"Etelvina."
Mama.
Jumapili baada ya chakula, beseni, gazeti kuukuu.
Mama alizikwa mwaka juzi,
na kwenye faili wakaandika: mjane wa kiume,
anaishi na binti,
halijui mtu beseni lilikokwenda.

Mkasi ulishindwa. Akaleta koleo dogo la chuma.
Tak! Kipande kikaruka hadi chini ya mizani.
Baba akacheka, na mimi nikashtuka,
nilidhani kicheko hicho tulikizika na mama.
"Mgodini," akamwambia, "ungekuwa wa baruti."
Bibi Sagrario akabisha mlango: dakika saba zimepita mara nne!
"Subiri," daktari akajibu, "nimebakiza mguu wa kushoto."

Halafu kopo. Akazimwaga dawa mezani,
akazipekua kama mtu achambuaye mchele.
Ya usingizi tutaipunguza nusu kwa nusu, akasema,
akimwambia yeye, si mimi.
Hii tutaiaga mwezi ujao. Hii ibaki.
Hii, sijui nani aliileta.

Sisemi amepona.
Vumbi la makaa bado limo mapafuni mwake,
na hakuna koleo la hilo.
Septemba alianguka tena, akigombana na jogoo.

Ila Jumapili, tukishakula, natandika gazeti.
Maji yasichemke sana, ananionya.
Ninaushika mguu wake, mzito, mweupe, mgeni,
ninaanza na dole gumba,
naye anauvuta kidogo:

"Mama yako alianzia kidole kidogo."